Jino la utoto lisipotaka kumpisha mwenzake

Mtoto wa shule akianza kutikisika jino, nyumba nzima hujua. Atalisukuma kwa ulimi wakati wa chakula, atamwonyesha mwalimu, na siku likitoka atakwenda nje kulirusha juu ya bati na kuomba apewe jipya. Mzazi naye huhesabu: limetoka la ngapi, limebaki lipi.

Paka hana wa kumhesabia. Meno yake ya utoto hutoka kimyakimya, mengi huyameza pamoja na chakula, na mwenye nyumba akibahatika huokota moja mkekani akidhani ni punje ya mchele. Kwa kuwa hakuna anayeyaona yakitoka, hakuna pia anayeliona lile lililogoma kutoka.

Katika nyumba moja ya Kihonda, mjini Morogoro, aliyeliona alikuwa binti wa miaka saba, tena kwa sababu alikuwa na shida kama hiyo mwenyewe.

Mama wa nyumba hiyo ni fundi cherehani, anashona sare za shule sebuleni. Baba ni dereva wa malori ya masafa marefu. Wana watoto wawili, mvulana wa miaka 12 na huyo binti, na wanaishi na bibi mzaa baba pamoja na shangazi wa watoto. Paka wao, Kashata, ni jike mwenye mabaka ya kahawia na meupe, aliyeletwa kutoka kwa jirani akiwa ndani ya boksi la viatu.

Kashata alipokaribia miezi sita, binti huyo aligundua jino jipya limechomoza nyuma ya jino lake la mbele la chini, na la zamani bado lipo. Alishinda kwenye kioo. Alipochoka kujitazama, akamgeukia paka, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole.

"Mama, Kashata naye ana mawili mawili!"

Mama alidhani ni utani. Aliacha cherehani, akavaa miwani yake ya kutungia uzi, akatazama. Kila upande wa juu palikuwa na chonge mbili zimesimama kwa mstari: ya mbele nene na nyeupe, ya nyuma nyembamba kama sindano. Katikati yake palikuwa na unyoya na kipande cha dagaa. Ufizi ulikuwa mwekundu. Ile harufu ya kinywa ambayo kwa wiki mbili walikuwa wakiisingizia dagaa ikapata maelezo mengine.

Meno yanavyopishana

Paka huzaliwa bila meno. Ya utoto huanza kuchomoza akiwa na wiki mbili hadi tatu, na yakikamilika huwa 26. Akifikisha miezi mitatu na nusu hadi minne, meno madogo ya mbele huanza kubadilika. Chonge, yale manne marefu ya kwenye pembe za kinywa, hufuata karibu na mwezi wa tano. Akifika miezi sita hadi saba anatakiwa awe na meno 30 ya ukubwani, bila hata moja la utoto.

Kazi ya kulitoa jino la zamani hufanywa na jipya lenyewe. Linapokua na kusukuma kutoka chini, mzizi wa lile la juu huyeyuka polepole hadi jino linabaki limeshikwa na ufizi tu. Ndiyo maana vijino vinavyookotwa mkekani havina mzizi.

Lakini jino jipya likipita pembeni badala ya kupita chini ya mwenzake, mzizi wa zamani hauguswi. La utoto linabaki limesimama imara, na jipya linajitafutia njia.

Katika taya la juu, chonge mpya hupita mbele ya ile ya zamani. Katika taya la chini hupita upande wa ndani, kwenye ulimi. Hiyo ya chini ndiyo inayoweza kuumiza zaidi, kwa sababu ikikua kwa kuelemea ndani inaweza kuchoma kaakaa kila paka anapofunga kinywa. Za juu nazo hazina heri: chakula na manyoya hunasa kati ya meno mawili, ukoga hujijenga, ufizi huvimba, na jino la ukubwani, ambalo paka atalitegemea maisha yake yote, huanza kulegea mapema.

Yote hayo hutokea huku paka akiendelea kula. Wanyama hawa huficha maumivu. Dalili huwa ndogo ndogo: anatafuna kwa upande mmoja, anadondosha tonge, anadondokwa mate, anakwepa kuguswa shavu, kinywa kinanuka. Ufizi kuwa mwekundu kidogo wakati wa kubadili meno ni jambo la kawaida. Meno mawili kukaa mahali pa moja si jambo la kawaida.

Uzi wa kaka, neno la bibi

Kila mtu katika nyumba ile alikuwa na dawa yake.

Mvulana alikimbilia mkebe wa nyuzi wa mama. Yeye mwenyewe aling'olewa meno mawili kwa uzi, akaona hakuna sababu paka asifanyiwe hivyo. Mama alimpokonya uzi. Hakujua bado kwamba chonge ya utoto ya paka ina mzizi mrefu na mwembamba kuliko sehemu inayoonekana, na kwamba ikivutwa kwa nguvu huvunjika na kuacha kipande ndani ya ufizi. Alichojua ni kwamba paka atamng'ata mwanawe. Hilo peke yake linatosha. Anayeng'atwa na paka anatakiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia.

Bibi yeye hakutaka jino liguswe kabisa.

"Jino la kiumbe mchanga haling'olewi," alisema. "Mwacheni."

Shangazi, aliyekuwa akichambua mchele, aliinamisha uso kwenye ungo. Mama hakujibu. Katika familia ile kuna jambo ambalo watu wazima wanalijua na hawalisemi mbele ya watoto, nalo linahusu chonge.

Shangazi alizaliwa mwaka 1986. Wazazi waliolea watoto wachanga Tanzania miaka hiyo wanalikumbuka neno "meno ya plastiki", ambayo wengine waliyaita "meno ya nailoni". Mtoto akipata homa na kuharisha, ufizi wake ulipapaswa, na palipovimba mahali pa chonge pakaelezwa kuwa pana jino bovu linalotaka kumuua. Fundi wa mtaani aliupasua ufizi kwa wembe, kisu au kitu chochote chenye ncha, bila ganzi, akachomoa kijino cheupe, laini, akawaonyesha wazazi.

Kile kijino hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa chonge ya utoto ambayo haijakomaa. Homa na kuharisha vilikuwa na chanzo kingine, na kilichohitajika ni maji ya chumvi na sukari na safari ya hospitali. Wapo watoto waliovuja damu nyingi, waliopata maambukizi, na waliofariki. Waliopona walibaki na alama, kwa sababu mbegu ya jino la ukubwani hulala jirani kabisa na la utoto na huumia pamoja nalo. Desturi hiyo imeripotiwa pia Uganda, Kenya, Ethiopia na Sudan, na mpaka sasa haijatoweka.

Shangazi hana chonge ya juu kushoto. Haikuwahi kuota. Akicheka hufunika kinywa kwa kiganja, na watoto wanadhani ni madaha yake tu. Bibi alimbeba mgongoni kumpeleka kwa fundi huyo akiamini anamwokoa. Kwa hiyo aliposema jino la kiumbe mchanga haling'olewi, hakuwa anazungumzia paka peke yake.

Swali kwa daktari

Morogoro ni mji wenye bahati katika jambo hili. Ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kinachofundisha madaktari wa mifugo, hivyo kumpata mmoja si kazi kubwa kama ilivyo katika wilaya nyingi. Mama alimweka Kashata kwenye kikapu cha sokoni, akakifunga kwa kitenge. Binti akaomba kwenda. Bibi, bila kuombwa, akavaa viatu.

Daktari alikuwa msichana mdogo. Alimwamkia bibi, akampa kiti, akamshika paka. Alithibitisha walichokiona: chonge mbili za utoto za juu zimebaki, za ukubwani zimeshatoka karibu zote, na ya kulia imeanza kusukumwa mbele. Alishauri zing'olewe.

Bibi aliuliza swali alilokuja nalo. Kwa nini jino la mtoto ling'olewe? Haliwezi kuachwa litoke lenyewe?

Daktari hakuharakisha kumjibu. Alimwonyesha chonge nene, kisha nyembamba. Alimweleza kuwa jino la utoto lina kazi mpaka siku lile la ukubwani linapochomoza. Kabla ya siku hiyo kuling'oa bila sababu ni kumdhuru mtoto. Baada ya siku hiyo halina kazi tena, na mahali linapokaa si pake. Kwa paka, mlango wa kurekebisha ni mfupi: jino jipya likiwa bado linakua, kulitoa la zamani hulipa nafasi ya kurudi kwenye mstari. Likishakomaa limepinda, hubaki limepinda.

"Kwa hiyo lile lilikuwa halijafika wakati wake," bibi alisema taratibu, "na hili limepitisha."

Mama alitazama sakafu. Daktari hakujua bibi anasema jino lipi, lakini alikubali kuwa ndivyo.

Binti naye alifungua kinywa, akataka jino lake litazamwe. Daktari alicheka, akasema meno yake yana daktari wake.

Fedha za kitambaa

Lilibaki suala la fedha. Mama alikuwa na akiba moja tu, ya kununulia kitambaa cha sare kabla shule hazijafunguliwa. Kila jora linalochelewa ni wateja wanaokwenda kwa fundi mwingine. Mumewe alipopigiwa simu akiwa Tunduma, alicheka kwanza.

"Mama watoto, yaani paka ana daktari wa meno na mimi sina?"

Mama alimweleza alichoelezwa yeye. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa hata na miezi mitano, hivyo Kashata alitakiwa kufungwa kizazi hata kama asingekuwa na tatizo la jino. Kung'oa jino la paka hakufanyiki akiwa macho, ni lazima alazwe kwa dawa ya usingizi, ile ambayo wengi huiita nusu kaputi. Daktari alipendekeza yote mawili yafanyike siku moja, kwa usingizi mmoja. Gharama ingepungua, na hatari ya kulazwa mara mbili ingeondoka.

Baba alinyamaza, akapiga hesabu ya vitoto vya paka katika nyumba ya vyumba vitatu, akasema atatuma nusu.

Hofu ya mama ilikuwa usingizi wenyewe. Ni hofu ya haki, kwa kuwa hakuna dawa ya usingizi isiyo na hatari hata kidogo. Kinachopunguza hatari ni maandalizi: paka kupimwa moyo na uzito kabla, dawa kupimwa kwa uzito huo, kupashwa joto akiwa amelala, na mtu kumtazama hadi ainue kichwa. Jambo jingine ni kufunga. Paka mdogo hafungishwi chakula muda mrefu kama mkubwa, maana sukari yake mwilini hushuka haraka. Saa za kuacha kumlisha hupangwa na daktari, si kwa makisio ya nyumbani.

Siku hiyo Kashata alilazwa asubuhi. Kijibomba kidogo kiliingizwa kwenye njia ya hewa ili damu na maji visishuke mapafuni. Kwa kifaa chembamba, daktari alizilegeza nyuzi zinazoshikilia jino kwenye mfupa, kidogo kidogo, akizunguka, akijihadhari asiguse chonge mpya iliyo jirani. Jino la zamani halivutwi, linabembelezwa hadi lijiachie lenyewe. Yalipotoka yote mawili yalikaguliwa kama mizizi ni mizima. Penye mashaka hupigwa picha ya eksirei, kwa sababu kipande kinachobaki kinaweza kuleta jipu.

Jioni mama alikabidhiwa paka anayepepesuka na kichupa chenye vijino viwili, virefu kuliko alivyotarajia. Karibu theluthi mbili ya kila kimoja ilikuwa mzizi.

Kijiko cha usiku

Maelekezo yalikuwa machache: chakula laini kwa siku kadhaa, maji muda wote, asipewe mfupa wala kitu kigumu cha kuchezea, arudishwe baada ya wiki moja aangaliwe. Dawa ya maumivu alishachomwa, na ya siku zilizofuata ilitolewa kwa kipimo chake kwenye bomba dogo. La mwisho daktari alilirudia mara mbili: asipewe dawa ya binadamu hata moja.

Usiku Kashata alilia. Mama alikuwa amelala fofofo baada ya siku mbili za kushona hadi alfajiri kufidia muda. Shangazi alimsikia paka, akamhurumia. Alichukua kidonge cha parasetamo, ile ambayo wengi huiita Panadol, akakikata, akakisaga kipande kwa kijiko, akachanganya na maziwa.

Binti aliamka kwa sauti ya kijiko.

"Shangazi, hiyo inaua paka. Daktari kasema."

Shangazi alisita. Dawa hiyo aliwapa watoto wa nyumba hiyo mara nyingi, wakapona. Ingewezaje kumuua paka? Lakini alimwamsha mama, na mama akakimwaga kile kijiko kwenye sinki.

Mtoto alikuwa sahihi. Ini la binadamu lina uwezo wa kuivunja parasetamo na kuitoa mwilini. La paka lina uwezo mdogo mno wa kazi hiyo. Dawa hugeuka sumu inayoharibu damu yake isibebe hewa, na ini pia huumia. Ufizi hubadilika kuwa wa kahawia au wa buluu, uso na miguu huvimba, hupumua kwa shida. Kwa paka mdogo kama Kashata, kipande cha kidonge kimoja kinaweza kutosha. Aspirini na ibuprofeni nazo ni hatari kwake. Nyumba inayogundua paka amekula dawa hizo haitakiwi kungoja asubuhi ione dalili, impeleke kwa daktari wa mifugo mara moja.

Kashata alipakatwa na shangazi hadi akalala.

Vinywa vitatu

Siku iliyofuata binti alivirusha vile vijino viwili juu ya bati. Alipoanza kuomba vipya, bibi alimkumbusha kuwa vipya vimeshaota.

Jino la binti mwenyewe lilipata jibu tofauti. Daktari wa meno alilishika, akaona linatikisika, akasema lisubiriwe. Meno mapya ya mbele ya chini huchomoza nyuma ya ya zamani kwa watoto wengi wa miaka sita na saba. Mara nyingi la zamani hudondoka lenyewe, na ulimi hulisukuma jipya mbele mpaka likae mahali pake. Mtoto ahimizwe kulitikisa kwa ulimi na kutafuna vitu vigumu kidogo. Lisipotikisika kabisa, au likipitisha miezi miwili hadi mitatu, arudishwe kwa daktari. La binti lilitoka wiki ya tatu, akila muwa.

Katika nyumba hiyohiyo, paka aling'olewa, mtoto alisubirishwa, na shangazi alipaswa tangu mwanzo asiguswe. Bibi ndiye aliyewaeleza wajukuu habari ya meno ya plastiki, jioni moja, shangazi akiwepo. Mvulana aliuliza kama jino la shangazi linaweza kuota tena. Haliwezi, lakini pengo huzibwa, na shangazi amechukua siku ya kumwona daktari wa meno.

La kufanya nyumbani

Mzazi mwenye paka wa umri wa kati ya miezi minne na saba hahitaji kifaa chochote. Paka akiwa ametulia, mtu mzima amwinue mdomo kwa pembeni, bila kumlazimisha kufungua kinywa, ahesabu chonge. Zinatakiwa kuwa nne: moja juu na moja chini kila upande. Arudie kila wiki hadi meno yote yabadilike. Akiona nyembamba na nene zimesimama pamoja, apange siku ya kwenda kwa daktari, na kama paka hajafungwa kizazi au hajahasiwa, aulize kama yote yanaweza kufanyika kwa usingizi mmoja.

Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, si ya muuza dawa za mifugo dukani, wala ya kaka mwenye uzi. Na mtoto aende pia, akae asikilize maelekezo. Kashata alihitaji mtu mmoja tu aliyesikiliza.